Daktari, na mimi nitakatwa mguu?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 46, nafanya biashara ya mbao hapa Mafinga. Mwezi uliopita nilikuwa naamka kukojoa mara nne, mara tano kwa usiku, kiu haiishi. Nikapimwa asubuhi sijala kitu, sukari ikasoma 16.8. Nimepewa metfomini kutwa mara mbili na glibenklamidi moja asubuhi. Baba yangu alikuwa na sukari, alikatwa mguu mwaka 2009, na mwaka haukuisha akafariki. Tangu nipewe majibu nimeacha ugali, viazi, wali, matunda na chai. Nakula kabichi na vijiko vichache vya maharage, mke wangu ananipikia kwenye sufuria yangu peke yangu. Nimepungua kilo 5. Wiki iliyopita, saa tano asubuhi, nikiwa kwenye msumeno, nilianza kutetemeka, jasho jembamba likanitoka, macho yakaingia giza. Nikajua sukari imepanda, jioni sikula kabisa. Jamaa yangu ananiambia niachane na vidonge, kuna mizizi. Mambo ya chumbani nayo yamelegea. Lakini swali langu ni moja: na mimi nitakatwa mguu?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole. Swali la mguu nitalijibu, tena kwa urefu. Ila kuna kitu umekipitia haraka haraka katikati ya maelezo yako, nacho hakisubiri.

Kule kutetemeka kwenye msumeno haikuwa sukari kupanda. Ilikuwa imeshuka.

Sukari inapopanda haimtetemeshi mtu ghafla. Inamkausha mdomo, inamkojoza, inamchosha, inamchukulia siku na wiki, kama ilivyokufanya mwezi uliopita. Kushuka ndiko kunakuja kwa dakika: jasho la baridi, mikono inacheza, moyo unakwenda mbio, njaa ya ghafla, akili inapotea, wengine wanakuwa wakali bila sababu. Kutetemeka, jasho, giza machoni: umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe. Ukaenda nyumbani ukalala njaa. Hapo, kusema kweli, Mungu alikusaidia.

Vidonge vyako viwili havifanani. Metfomini kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo kwenye damu. Ikiwa peke yake ni nadra sana kumwangusha mtu. Glibenklamidi ni kitu kingine. Inaikamua kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, chakula kiwepo kisiwepo. Wewe unaimeza alfajiri, unaifuatishia kabichi, unakwenda kusimama mbele ya msumeno. Kufika saa tano insulini iko kazini na haina cha kushughulika nacho, kwa hiyo inachukua kile kidogo kilichobaki kwa ajili ya ubongo. Nimeona vidole vilivyoachwa kwenye mashine za mbao na watu wazima wa afya kabisa. Sitaki kufikiria cha mtu aliyeingia giza.

Kwa hiyo wiki hii hii rudi kwa daktari aliyekuandikia, usingoje tarehe ya kliniki. Mweleze saa iliyotokea na ulichokuwa umekula siku hiyo. Huenda atapunguza dozi, huenda atabadilisha kidonge. Huo ni uamuzi wake akikuona. Kabla hujamfikia: glibenklamidi inamezwa na chakula, siyo kabla ya chakula ambacho hujui kama utakila. Siku ambayo huwezi kula, labda unatapika au una homa, hicho kidonge usikimeze, nenda hospitali.

Ikitokea tena, zima mashine na ukae chini. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu kikombe, unywe. Au nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15. Kama una mashine ya kupimia sukari, pima. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula cha kweli, kwa sababu glibenklamidi inakaa mwilini saa nyingi na inaweza kukuangusha mara ya pili, hata usiku ukiwa umelala. Weka pipi kwenye mfuko wa shati. Ndiyo, najua: mgonjwa wa sukari anaambiwa atembee na sukari mfukoni. Waeleze vijana wawili pale kiwandani na mama watoto nyumbani, na uwasisitizie kwamba wakikukuta umezimia wasikumiminie kitu mdomoni. Wakulaze ubavu na wakukimbize hospitali.

Sasa chakula, maana hofu yako yote umeielekeza huko.

Ugali haukumkata baba yako mguu. Urudishe. Kipimo chake ni ngumi yako iliyofungwa, siyo mlima tuliozoea huku ambao ukimega upande mmoja wa pili hauoni. Gawa sahani kwa macho: nusu iwe mboga, iwe hiyo kabichi yako, figiri, mnafu au majani ya maboga, robo iwe maharage, dagaa, yai au kipande cha nyama, robo iliyobaki ndiyo ugali, au wali, au viazi, kimojawapo. Hapo kwenye "kimojawapo" ndipo watu wa Nyanda za Juu tunapoangukia, kwa sababu kwetu kiazi ni kama mboga. Unakuta mtu ana ugali, na mchuzi wa viazi pembeni, anakuambia leo sikula wanga sana. Kiazi ni wanga. Na viazi vya Makete na Njombe vina ubaya mmoja tu, hakuna mtu anayekula kimoja.

Dona ni bora kuliko sembe, lakini kidogo tu. Nimewaona wengi waliohamia dona kisha wakaongeza tonge kwa sababu "hii haina madhara". Vivyo hivyo uji wa ulezi. Ulezi wenyewe ni mzuri, ila uji mwepesi uliotiwa sukari vijiko vitano unapanda kwenye damu kama soda. Asali nayo ni sukari, hata ikiwa ya msituni. Parachichi kula bila wasiwasi, nusu kwa siku; lina mafuta mengi na sukari kidogo sana, na huku kwetu msimu wake ukifika yanaokotwa chini. Tunda lingine moja kwa wakati, ulitafune, usilikamue juisi.

Halafu chai. Unaishi Mufindi, umezungukwa na mashamba ya chai hadi upeo wa macho, halafu umeacha chai! Chai haina kosa. Kosa ni vijiko vinne. Punguza kimoja kila wiki. Kufika mwisho wa mwezi utaonja chai ya jirani na utashangaa zamani uliinywaje.

Ile sufuria ya peke yako iondoke jikoni. Anachokula mgonjwa wa sukari ndicho anachopaswa kula kila mtu ndani ya nyumba, na watoto wako, wenye babu na baba wa kisukari, wanakihitaji kuliko wa jirani. Tena kuna jambo lingine nimeliona kliniki kwa miaka: mtu akishatengewa chungu chake anaanza kula kama yuko msibani. Anavumilia miezi miwili, mitatu. Siku anachoka, na siku hiyo anaacha kabichi, vidonge na kliniki vyote kwa pamoja. Nawaogopea zaidi hao wanaoanza kwa ukali kama wako kuliko wanaoanza kwa kuburuzana.

Ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, hukuutaja. Lakini nimekaa mkoani Iringa muda mrefu, najua msimu wa mvua ukifika hali inakuwaje. Mtogwa, ule mchanga, una sukari yake waziwazi, utamu wake unauonja. Mkangafu, ule uliochacha ukawa mkali, ndio wenye mtego: pombe inalishughulisha ini, na ini lililoshughulishwa halitoi sukari ya akiba pale inaposhuka. Changanya na glibenklamidi na tumbo tupu. Mtu anatetemeka, anaongea ovyo, anaanguka, na kilabuni wanasema kalewa, mwacheni alale. Asubuhi haamki. Kwa sasa, hadi dawa zako zikae sawa, uache. Baadaye, kama ni lazima, kikombe kimoja, baada ya chakula.

Mguu.

Sukari iliyokaa juu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu kuliko yote, inayoshuka mpaka vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi na vichomi huanzia huko. Mishipa ya damu nayo inasinyaa, kidonda kinakosa damu ya kukiponya. Kwa hiyo mguu unapoteza vitu viwili kwa pamoja: uwezo wa kusikia kwamba umeumia, na uwezo wa kupona. Hatua zinazofuata ni za kawaida mno: msumari, kiatu kinachobana, lengelenge. Mwenye mguu haumwi, kwa hiyo anaendelea na kazi.

Mzee mmoja alikuja kwetu kutoka upande wa Makete. Mwezi wa saba, unajua baridi ya kule, asubuhi majani yana barafu. Jioni alikuwa anakaa na jiko la mkaa karibu na miguu, amevaa soksi za sufu. Mkewe ndiye aliyeuliza, mbona kuna harufu ya kitu kinaungua? Mzee naye akaisikia harufu, akaangalia nguo zake, akaangalia mkeka. Mwishowe akaangalia mguu. Soksi ilikuwa imegandana na ngozi ya vidole viwili. Hakuwa amehisi chochote. Na kwa sababu haukuuma, walipaka mafuta, wakafunga kitambaa, wakaendelea na palizi. Alifika kwetu wiki ya nne, mguu ukakatwa chini ya goti. Huyo, kwa taarifa yako, alikuwa mkali wa chakula kuliko wewe.

Kwa hiyo nguvu unazotumia kuogopa ugali, zihamishie hapa. Kila jioni ukirudi kutoka kwenye mbao, osha miguu kwa maji ya uvuguvugu. Joto lipime kwa kiwiko au muombe mama watoto, usipime kwa mguu wenyewe. Kausha katikati ya vidole. Kisha kaa kwenye mwanga na uangalie: juu, kisigino, kati ya kidole na kidole. Nyayo ziangalie kwa kioo kidogo kilichowekwa sakafuni, kama kile cha kunyolea. Unatafuta wekundu, lengelenge, mpasuko, kibanzi cha mbao kilichozama. Paka mafuta ngozi iliyokauka, isipokuwa katikati ya vidole, pale unyevunyevu unaleta fangasi. Sugu usizikate kwa wembe. Kucha kata moja kwa moja bila kuchimba pembeni.

Kiwandani vaa buti ngumu zenye soksi kavu, na kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani. Nimeshatoa misumari kwenye buti ambayo mwenyewe alitembea nayo siku nzima. Mabuti ya mpira ukiyavaa kutwa nzima miguu inalowa jasho na ngozi inalainika, kwa hiyo yaache kwa siku za matope. Nyumbani usitembee peku, hata kwenda chooni usiku. Jiko liwe mbali, na kama vidole vinaganda kitandani, vaa soksi. Chupa ya maji ya moto usiiweke miguuni. Kama unavuta sigara, hiyo ndiyo ya kwanza kuacha, inaibana hiyo hiyo mishipa ya damu.

Ukikuta kidonda, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa gozi safi, na kesho yake uwe kituo cha afya. Usingoje kiume. Kitakachokuponza ni hicho kisichouma.

Sasa nikujibu: na wewe utakatwa? Dhamana siwezi kukupa, na anayekupa anakudanganya. Lakini mguu haurithiwi. Ulichorithi kwa baba ni mwelekeo wa kupata sukari. Miguu mingi mno inayokatwa kwa kisukari huanza na kidonda kidogo kilichocheleweshwa. Wewe umejua ugonjwa ukiwa na miaka 46, unajua kinachokuja, na una mtu nyumbani wa kukuangalia nyayo. Mzee wako huenda hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Kuhusu mizizi. Nchi hii tumeshapita hapo. Mwaka 2011 watu walijipanga foleni za magari kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, Mchungaji Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya yaliyosemwa yanapona. Wako walioacha dawa zao baada ya kikombe, nasi wahudumu wa afya tuliwapokea baadaye wakiwa katika hali ninayopenda kutoikumbuka.

Sina vita na mimea. Metfomini yenyewe ilianzia huko: kuna mmea wa Ulaya, Galega officinalis, uliotumika kienyeji tangu zamani, na uchunguzi wa kemikali zake ndio uliofikisha kwenye kidonge unachokimeza, ambacho daktari wa Ufaransa, Jean Sterne, alianza kukitumia kwa wagonjwa wa sukari mwaka 1957. Tofauti ni kwamba cha kwako kina kipimo, miligramu 500 ni miligramu 500. Unga wa jamaa yako hauna. Na kuna baya zaidi: katika nchi kadhaa dawa za "asili" za sukari zimepelekwa maabara zikakutwa zimechanganywa kimya kimya na glibenklamidi. Ile ile inayokutetemesha.

Metfomini ikikuvuruga tumbo, kuharisha au kichefuchefu, imeze katikati ya chakula au mwishoni, na uvumilie wiki mbili tatu. Mara nyingi inatulia. Na kama kuna dawa nyingine unazotumia, hasa za kufubaza VVU, mwambie daktari bila aibu, kwa sababu dolutegravia inaongeza kiwango cha metfomini kwenye damu na dozi inabidi iangaliwe.

Chumbani: ni kweli sukari iliyopanda inagusa mishipa hiyo hiyo ya damu na fahamu, ila hofu na kutolala vinalegeza vilevile, na njaa ndiyo kabisa. Mara nyingi mambo hurejea sukari ikitulia. Yasiporejea baada ya miezi michache, mwambie daktari, zipo tiba. Vidonge vya mtaani vya nguvu usiguse; kwa mwenye dawa za moyo vinaweza kuua.

Macho yakiwa na ukungu kipindi hiki, usikimbilie kununua miwani. Sukari ikishuka kutoka 16 lenzi ya jicho inabadilika, utaona vibaya wiki kadhaa kisha itatulia. Watu wanatupa hela kwenye miwani ambayo baada ya miezi miwili haiwafai. Kuchunguzwa nyuma ya jicho ni jambo lingine, hilo lifanyike mwaka huu na kila mwaka. Kikohozi kikizidi wiki mbili, pima kifua kikuu. Kisukari kinaongeza hatari yake maradufu na zaidi.

Hukuuliza, ila nahisi unajiuliza kama utaishi hivi daima. Kuna utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2017, wa watu wazito waliokuwa na kisukari aina ya pili kwa miaka isiyozidi 6. Waliwekwa kwenye chakula kidogo sana, na baada ya mwaka karibu nusu yao, asilimia 46, sukari ilikuwa imerudi chini bila dawa. Nakueleza hili kwa tahadhari, maana naona utapenda kuendelea na kabichi. Wale walikuwa chini ya uangalizi, na vidonge vya sukari walisimamishiwa siku ya kwanza. Wewe umefanya nusu ya kwanza bila ya pili. Kama una kitambi cha kupunguza, zungumza na daktari mpange pamoja. Kama hukuwa mnene na kilo zinaendelea kuondoka hata ukila vizuri, hilo pia aambiwe, huenda unahitaji insulini. Ukianza kutapika na kuhema haraka, usilale nyumbani siku hiyo.

Nunua mashine ya kupimia ukiweza. Stripu, vile vijikaratasi vyake vya kupimia, ni ghali, kwa hiyo usipime kwa hofu. Asubuhi mbili kwa wiki kabla ya kula, na siku moja saa mbili baada ya chakula cha mchana. Bila shaka pima kila unapotetemeka. Tunatafuta 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 baada ya kula. Nawa mikono kwanza: ukimenya chungwa kisha ukatoboa kidole, utasoma 14 ya chungwa. Na asubuhi za baridi pasha mikono joto kwapani kabla ya kutoboa, la sivyo utakamua kidole mpaka kivimbe. Mashine zenyewe nyingine zikiwa za baridi sana zinagoma kusoma, ziweke ndani ya koti kidogo. Baada ya miezi mitatu omba kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi yote hiyo, HbA1c. Ikiwa chini ya asilimia 7 unakwenda vizuri. Pressha nayo ipimwe kila ukifika.

Jambo la mwisho ni la kliniki yenyewe. Foleni ni ndefu, daktari ana wagonjwa 40 asubuhi moja, anaangalia kadi, anaandika dawa, anaita mwingine. Hata mimi nimewahi kumruhusu mgonjwa aende bila kumvua soksi, na mwezi uliofuata nikajutia. Usingoje uambiwe. Ukikaa tu kwenye kiti, vua viatu.